Shotigani fupi ya pampu kwa walinzi: Mossberg, Remington au ya Kituruki?

Mlinzi anayesimama mlangoni mwa duka la jumla pale Kikuubo, Kampala, hana nafasi ya kugeuka. Mbele yake wachukuzi wanapita na magunia ya sukari kichwani, nyuma yake kuna mlango wa chuma, na juu turubai limening'inia hadi usawa wa kofia yake. Mpe bunduki ya kuwindia yenye mtutu wa sm 71, na kabla ya saa nne asubuhi itakuwa imegonga watu watatu. Hiyo ndiyo sababu kampuni za ulinzi zinatafuta shotigani fupi za pampu, yaani zinazopakia kwa kuvuta na kusukuma mshiko ulio chini ya mtutu, na wenye kampuni ndogo hunipigia simu na swali lile lile: "Afande, tuchukue gani? Mossberg, Remington, au hizi za Uturuki zenye bei nafuu?"

Nimetunza ghala la silaha la kampuni za ulinzi kwa miaka 14, Kampala kwanza kisha Jinja. Nikiulizwa hivyo, siku zote nauliza kwanza juu ya mikono ya walinzi: ina urefu gani, imezoea nini, na saa kumi usiku ikiwa na baridi itakumbuka nini. Viwanda vikubwa vyote hivi vinatengeneza bunduki inayopiga. Tofauti iko pale kidole kinapogusa.

Hatua ya 1: Polisi kwanza, duka baadaye

Usilipe hata shilingi ya malipo ya awali kabla kampuni yako haijawa na leseni na kibali cha silaha kutoka polisi. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 ndiyo msingi, na kampuni za ulinzi zinasimamiwa pia na kanuni za polisi za mwaka 2013. Unapoandika maombi, taja aina kamili ya bunduki, urefu wa mtutu na idadi. Neno "pampu" pekee halitoshi, kwa sababu ndani ya neno hilo kuna bunduki za urefu tofauti kabisa, na afisa anayesoma barua yako ana haki ya kujua unaomba nini.

Kuna jambo moja hapa ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Juni 2018 Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba bunduki zote nchini zichukuliwe alama zake ili risasi iliyopigwa iweze kufuatiliwa. Kwa bunduki ya kawaida alama hukaa kwenye risasi yenyewe, kwa kuwa ndani ya mtutu kuna michirizi. Mtutu wa shotigani ni laini, hauachi mchirizi wowote juu ya marisau, yaani gololi zilizo ndani ya risasi. Alama ya shotigani inabaki nyuma ya ganda, pale pini inapogonga fataki, kile kiwashio cha baruti, na pale ukucha unapong'ata ukingo wa ganda. Maana yake ni kwamba ukibadilisha pini au bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, umebadilisha alama. Kwa hiyo unapolinganisha bunduki, kumbuka kuwa ile ya bei nafuu itakayovunjika pini kila mara itakurudisha polisi kila mara.

Hatua ya 2: Amua ufupi unaoutaka, na usipitilize

Shotigani nyingi za ulinzi zina mtutu wa inchi 18.5, yaani sm 47, au inchi 20, sm 51. Kipimo hicho hakikuanguka kutoka mbinguni: sheria ya Marekani inataka usajili maalumu kwa shotigani yenye mtutu ulio chini ya inchi 18, hivyo viwanda vimeweka nusu inchi ya ziada na kuishia hapo. Mossberg 590A1 au Remington 870 yenye mtutu wa sm 47 inakaribia mita moja kwa urefu wote, kitako kikiwemo. Ile ya kuwindia ndege inazidi sm 120. Tofauti hiyo ya shibiri moja unaiona mara moja mlinzi anapoingia kwenye pikapu ya kusindikiza fedha.

Kisha kuna zile fupi zaidi zisizo na kitako. Mossberg 590 Shockwave na Remington Tac-14 zilitoka mwaka 2017, zote mbili na mtutu wa karibu sm 36 na mshiko uliopinda kama kichwa cha ndege. Shockwave ina urefu wote wa sm 67 na uzito wa kilo 2.4 hivi. Zilizaliwa kutokana na hesabu za sheria ya Marekani, ambayo haihesabu silaha isiyowahi kuwa na kitako kuwa shotigani, na vijana wa ofisini wakiziona kwenye picha wanazipenda mno. Mimi nasema usizinunue kwa ajili ya walinzi. Bunduki isiyo na kitako hailengwi kwa bega, inalengwa kwa kukisia, na mlinzi wa Uganda anasimama mahali penye watu. Pia ni nyepesi, hivyo teke lake ni kali, na mlinzi aliyeumizwa mkono siku ya mazoezi atafumba macho siku ya kazi.

Wapo wanaoamini kuwa mtutu mfupi hutawanya marisau sana, eti mlinzi hahitaji kulenga. Si kweli. Kinachotawanya ni kubana au kuachia kwa mdomo wa mtutu, pamoja na aina ya risasi yenyewe. Mtutu ulio wazi hutawanya marisau makubwa takriban sm 2.5 kwa kila mita moja. Kwa mita 10, hiyo ni kama sahani. Mlinzi anatakiwa kulenga.

Na kama una mtutu mrefu ghalani, usimpelekee fundi wa kuchomelea aukate. Hilo ni kosa la jinai, tena linaharibu bunduki.

Hatua ya 3: Angalia sefti kabla ya kuangalia bei

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na mnunuzi, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia.

Mossberg 500, iliyoanza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndugu zake 590 na 590A1, zina sefti, yaani kifunga-usalama kinachozuia triga, juu, mgongoni mwa bunduki, nyuma kidogo ya bolti. Unaisukuma kwa dole gumba. Ikienda mbele, doa jekundu linaonekana, maana yake bunduki iko tayari kupiga. Ikirudi nyuma, doa linafichwa. Mwenye mkono wa kushoto anaitumia sawasawa na mwenye mkono wa kulia. Na kwangu mimi msimamizi kuna faida nyingine: nikisimama nyuma ya mlinzi naiona sefti yake bila kumwambia ageuze silaha.

Remington 870, iliyotoka mwaka 1950, ina kitufe kinachopita upande hadi upande nyuma ya triga. Ukikisukuma kwenda kulia imefungwa, kwenda kushoto imefunguka na pete nyekundu inatokeza. Ni sefti imara, lakini imepangwa kwa mkono wa kulia, na gizani inabidi kidole kijue.

Maverick 88, ambayo ni toleo la bei nafuu la Mossberg, huwadanganya watu. Kwa nje inafanana na 500, lakini sefti yake ni ya kitufe kilicho karibu na triga. Nimeona kampuni inachanganya 500 na 88 kwenye rafu moja ikidhani ni bunduki moja.

Mchanganyiko huo nimeuona ukifanya kazi yake mbaya. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi wakati ule ilikuwa na aina mbili, moja ya sefti ya juu na moja ya kitufe. Mlinzi mmoja, mtu makini kabisa, alikuwa amezoea ya juu kwa miaka miwili. Siku hiyo alipewa nyingine kwa kuwa ya kwake ilikuwa kwenye matengenezo. Saa kumi na mbili asubuhi akaja kurudisha silaha. Akavuta pampu, lakini hakuifikisha mwisho, risasi ikabaki ndani. Dole gumba lake likapapasa mgongo wa bunduki, halikukuta kitu, akasukuma kitufe akidhani amefunga. Kisha akabonyeza triga mdomo wa mtutu ukiwa ndani ya pipa la mchanga, kama tunavyofundisha. Mlio ule bado naukumbuka. Pipa lilipasuka ubavu na mchanga ukamwagika hadi miguuni mwetu, lakini hakuna aliyeumia. Sikumlaumu yeye. Sisi ndio tuliompa mkono wake kazi mbili zinazopingana.

Uamuzi wangu basi: kwa kampuni ambayo walinzi wanapokezana silaha kila zamu, na wengi hawapati mazoezi zaidi ya mara mbili kwa mwaka, sefti ya juu ni bora. Ila kwa sharti moja. Usiifunge Mossberg mshiko wa mtindo wa bastola. Mshiko huo unashusha mkono, na dole gumba halifiki tena juu. Ukitaka mshiko wa bastola, Remington inaukubali vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Pima kitako kwa mkono wa mlinzi

Kitako cha kawaida cha shotigani hizi kina karibu sm 35 kutoka triga hadi mwisho wake. Kimepimwa kwa mwili wa mwindaji wa Marekani. Mchukue mlinzi wako mfupi kuliko wote, mvalishe koti la mvua na fulana ya kinga kama mnazo, mpe bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, mwambie aiweke begani na avute pampu. Tazama kiwiko cha mkono wa mbele. Kikinyooka kabisa kabla pampu haijasogezwa mbele hadi mwisho, bunduki hiyo ni ndefu mno kwake, na siku moja atakukwamishia risasi.

Kwenye uwanja wa mazoezi karibu na Jinja nilikuwa na dada mmoja, mlinzi wa benki, aliyekuwa akikwama kila risasi ya tatu. "Afande, imekwama tena." Wenzake wakaanza kusema bunduki mbovu. Nikapiga mimi risasi tano, hazikukwama. Nikamwangalia vizuri: kila alipovuta, kitako kilihama kutoka begani hadi kwapani, na pampu ikaishia vidole viwili kabla ya mwisho. Tukambadilishia kitako kifupi chenye vipande vya kuongeza na kupunguza, karibu sm 32. Akapiga 25 mfululizo bila kukwama.

Kwa hiyo ukilinganisha viwanda, uliza kama kuna kitako kifupi kinachoingia. Kwa Mossberg 500 na 590, na kwa Remington 870, vitako vya kurekebishwa vinapatikana kwa wingi kutoka viwanda mbalimbali. Benelli Nova ya Italia ni bunduki nzuri sana, lakini mwili na kitako chake vimeumbwa pamoja kwa plastiki ngumu, huwezi kukibadilisha. Supernova, dada yake, inakubali.

Hatua ya 5: Ifungue na utazame ndani

Muuzaji akikataa usiifungue, ondoka.

Mwili wa Remington 870 umechongwa kutoka bonge moja la chuma. Je, ni chuma kisichoota kutu? Hapana, hivyo ndivyo wauzaji wanavyosema. Ni chuma cha kawaida, kigumu na kizito, kinachodumu miaka na miaka, lakini kinaota kutu. Mwili wa Mossberg ni wa alumini. Watu hudharau alumini, ila bolti haijifungi kwenye mwili, inajifunga kwenye sehemu ya nyuma ya mtutu, ambayo ni chuma. Nguvu ya mlipuko haibebwi na alumini. Na alumini haina kutu.

Mossberg ina kucha mbili za kuvuta ganda, Remington ina moja kubwa. Zote hufanya kazi. Kilicho muhimu zaidi kwa mlinzi ni ulimi unaoinua risasi kutoka kwenye bomba kwenda chemba. Kwenye Mossberg ulimi huo hubaki juu, hivyo unaingiza risasi kutoka chini bila kuzuiwa. Kwenye Remington umelala chini, unausukuma kwa risasi yenyewe, na usipokuwa mwangalifu unabana kucha ya dole gumba. Si jambo kubwa, lakini mlinzi anayepakia chini ya taa hafifu ya geti atalihisi.

Angalia pia bomba la risasi. Mossberg 500 bomba lake limezibwa mbele, mtutu umefungwa kwa skrubu pale mwishoni, na kulisafisha ndani ni kazi. Za 590 na Remington zina kifuniko unachofungua kwa mkono, ukatoa springi, ukapangusa. Kwa walinzi wa Kampala hiyo si hoja kubwa. Kwa walinzi wa Moroto au Kotido, ambako vumbi linaingia hadi ndani ya saa ya mkononi, mimi ningelipa zaidi nipate 590. Tambua pia kwamba mtutu wa 500 hauingii kwenye 590, kwa sababu ya tofauti hiyo hiyo ya bomba.

Kuhusu historia ya Remington, jambo moja linagusa mnunuzi. Kampuni ilifilisika mwaka 2018 na tena 2020, ikauzwa vipande vipande, na kiwanda chake cha zamani cha Ilion, New York, kikafungwa 2024, kazi ikahamia Georgia. Bunduki za 870 zimetengenezwa kwa zaidi ya milioni 10, kwa hiyo vipuri havitakosekana. Lakini ukiuziwa iliyotumika, uliza ni ya miaka gani. Zile za bei ya chini ziitwazo Express zina rangi kavu iliyoparara, na kwenye hali yetu ya hewa zinataka mafuta kila wiki.

Hatua ya 6: Za Uturuki na za China

Uturuki ina mafundi wa shotigani wa kweli. Miji ya Huğlu na Üzümlü, mkoa wa Konya, inaishi kwa kazi hiyo, na Hatsan wanaotengeneza Escort wako İzmir. Hata Winchester SXP, yenye jina la Kimarekani, inatengenezwa Uturuki. Kwa hiyo neno "Kituruki" peke yake halikuambii kama bunduki ni nzuri au mbaya. Shida ninayoiona ni nyingine: bunduki ile ile inaingia ikiwa na majina matatu tofauti, na miaka miwili baadaye jina ulilonunua halipo tena, na springi uliyoitaka haijulikani ilitoka wapi. Ukizitaka, nunua zenye jina la kiwanda chenyewe, na nunua vipuri siku hiyo hiyo.

Za Norinco za China nyingi zimefuata mpangilio wa 870. Baadhi ya vipuri vya Remington huingia, vingine hukataa mpaka upige tupa. Mimi tupa siipigi kwenye sehemu za ndani za silaha.

Hatua ya 7: Fikiria mvua na kaveera

Tuna misimu miwili ya mvua, na mlinzi wa Ggaba au Entebbe anakaa na unyevu wa ziwa mwaka mzima. Usiku ukiwa wa mvua, walinzi hufunika mdomo wa mtutu kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Nia ni njema, lakini asubuhi jua likipiga, jasho linajaa ndani ya kaveera na mtutu unaanza kuwa na madoa ya kahawia. Wapige marufuku. Mwili wa alumini na mtutu uliopakwa ule mpako wa kijivu wa kijeshi, kama wa 590A1, huvumilia zaidi ya chuma kilichong'arishwa. Kitako kiwe cha plastiki. Mbao ni nzuri kwa macho, ila huvimba.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kununua nyingi

Nunua mbili, au omba mbili za kujaribu. Uwanja uwe wa polisi au uliokubaliwa nao. Anza na risasi bandia zisizo na baruti, walinzi watano, kila mmoja apakie na kutoa mara 20. Kisha risasi halisi, 25 kwa kila mmoja, za aina ile ile mtakayotumia kazini. Angalia kwanza maandishi ya mtutu: geji 12 ya chemba ya mm 70 haipokei risasi ya mm 76, hata kama inaingia kwa kulazimisha.

Andika kila kukwama, na pembeni andika nani alikuwa ameshika. Bunduki ikikwama kwa mtu mmoja tu, rudi hatua ya 4. Ikikwama kwa watatu, irudishe dukani.

Piga pia karatasi ya mfuko wa saruji kwa mita 10 na mita 15. Risasi ya marisau makubwa ya namba 00 huwa na gololi 9, kila moja karibu mm 8.4. Zihesabu kwenye karatasi. Gololi iliyokosa karatasi imekwenda mahali, na Kikuubo mahali hapo pana mtu. Wawekee walinzi karatasi hiyo ukutani kwenye chumba cha kupokezana zamu.

Hatua ya 9: Chagua moja, ununue na vipuri vyake

Ukishaamua, kampuni nzima iwe na aina moja. Kama fedha hazitoshi, bora bunduki 6 za aina moja kuliko 10 za aina tatu. Kwa kila bunduki 10 mimi huweka ghalani springi za bomba 3, kucha za kuvuta ganda 4, pini 2, na kitako kifupi 2. Bei yake ukilinganisha na bunduki moja iliyolala bila kazi ni ndogo.

Kila bunduki iwe na ukurasa wake kwenye daftari: namba yake, tarehe ya kuingia, risasi ilizopiga mazoezini, kipuri kilichobadilishwa na aliyekibadilisha. Pini na bolti ziandikwe kwa kalamu nyekundu, na polisi waarifiwe kwa barua kabla bunduki haijarudi lindo. Nakala ya barua hiyo, ikiwa na mhuri wa kupokelewa, ibandikwe kwenye ukurasa huo huo.